Unataka kusoma elimu na michezo chuoni? Jifunze kwanza kutazama

Wengi wanaoomba kusoma elimu, michezo na sayansi za binadamu katika chuo kikuu kishiriki huja na sababu moja: wamecheza tangu utotoni na wanaupenda uwanja. Ni sababu nzuri, nami nilikuja nayo. Lakini baada ya kuisoma kozi hii, kufundisha, na sasa kuwaongoza wanafunzi wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, nawaambia wote jambo moja: hapa hutafundishwa kucheza, utafundishwa kumtazama mtu anayejifunza. Ukilishika hilo mapema, masomo yanayoonekana hayahusiani yataanza kuzungumza.

Nianze na nyinyi mliokuwa wachezaji hodari. Mwaka 1967 wanasaikolojia Paul Fitts na Michael Posner walieleza kwamba ujuzi wa mwili hupita hatua tatu: kwanza unafikiria kila kitendo, kisha unaunganisha na kusahihisha, mwishowe mwili unafanya wenyewe bila wewe kuwaza. Aliyefika hatua ya tatu hurusha mpira vizuri mno, lakini muulize mguu upi hutangulia, utamwona anarusha tena hewani ndipo ajibu. Mtoto wa miaka 7 aliye mbele yako yuko hatua ya kwanza, na "fanya kama mimi" haimfikishi popote. Basi jirekodi video, irudie polepole, andika unachokiona: unatangulia mguu ulio upande wa pili wa mkono unaorusha, nyonga inazunguka, bega linafuata, kisha kiwiko, kisha kifundo cha mkono. Ukishaorodhesha, chagua kitu kimoja tu cha kumwambia mtoto. Hakuna mtoto anayeweza kufuata maelekezo matano huku mpira uko mkononi.

Fiziolojia ya mazoezi huwatisha wengi, na kwa kweli mitihani yake si mepesi. Isome kwa mwili wako mwenyewe. Kimbia kwa nguvu zako zote kwa sekunde 10, kisha fungua kitabu usome habari za fosfokreatini, akiba ya nishati ya haraka ndani ya misuli, uliyoitumia sasa hivi. Siku nyingine kimbia dakika nzima mpaka mapaja yawake moto, usome jinsi glukosi inavyovunjwa kwa haraka. Kimbia taratibu nusu saa, usome kazi ya oksijeni. Hutasahau. Jifunze pia kupima bila mashine. Kipimo cha mwanasaikolojia Gunnar Borg cha kukadiria ugumu wa zoezi kinaanzia 6 hadi 20, kwa kuwa namba anayoitaja mtu mzima mwenye afya, ukiizidisha mara 10, hukaribia mapigo ya moyo wake kwa dakika. Ile kanuni ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo, 220 kutoa umri, itumie kwa tahadhari. Ni makadirio, na watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo zaidi ya 10.

Sasa nije kwenye masomo ambayo wanafunzi wa michezo huyapiga chenga: sosholojia, historia, falsafa ya elimu. Huwa naumia nikimsikia mwanafunzi akiyaita ya kujazia ratiba. Mwaka 1928, kwenye Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa rekodi ya dunia. Magazeti hayakuona rekodi. Yaliandika kwamba wanawake walianguka kwa uchovu, kwamba miili yao haikuumbwa kwa mbio hizo. Mbio zikafutwa, zikarudi Roma mwaka 1960. Maratoni ya wanawake ikasubiri hadi Los Angeles 1984. Wakati wote huo walikuwepo madaktari waliozungumza kwa uhakika kabisa kuhusu mwili wa mwanamke. Ukijua historia hiyo, utakuwa mwangalifu na uhakika wako mwenyewe. Utamwona mwalimu anayemweka mtoto mnene golini bila kumuuliza, na mtoto mwenye ulemavu aliyepewa kazi ya kuhesabu magoli kila wiki, nawe utajua kwamba hilo halitokani na fiziolojia hata kidogo.

Katika shule moja niliyofundisha kulikuwa na mvulana aliyefunga kamba za viatu kila zamu yake ilipokaribia. Anainama, anafungua, anafunga tena, wenzake wawili watatu wanampita, kisha anasogea nyuma ya mstari. Kwa macho ya haraka ni mtoto mtulivu asiyesumbua. Kipindi kinaisha hajagusa mpira. Watoto wa aina yake wapo karibu kila darasa, na kinachowaficha ni ule mstari mrefu: watoto thelathini, mpira mmoja, kila mtu anamtazama anayekosea. Tulipovunja mstari na kuwagawa wawili wawili, kila jozi na kitu chake cha kurusha, kamba zake hazikufunguka tena. Saikolojia ina maelezo yake. Edward Deci na Richard Ryan wanasema mtu huvutwa na jambo anapojiona ana uhuru, ana uwezo, na ana wenzake. Mbele ya umati uliopanga foleni mvulana yule hakuwa na hata kimoja.

Kwa hiyo ukipelekwa shuleni kutazama vipindi, usiandike tu kwamba "wanafunzi walishiriki vizuri". Chagua mtoto mmoja, shika saa, hesabu dakika anazotembea au kukimbia kweli kweli, na mara anazogusa mpira. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kuhemesha. Linganisha na ulichohesabu, utaelewa kwa nini nagomba kuhusu foleni.

Zamu yako ya kufundisha ikifika, andalio la somo liwe fupi kuliko unavyotamani. Simama wewe ukitazama jua, ili jua liwe mgongoni mwa watoto. Panga koni kabla hawajafika. Na usiogope kipindi kinachoonekana na vurugu kidogo: watafiti John Shea na Robyn Morgan walionyesha mwaka 1979 kwamba wanaofanya mazoezi ya vitendo mbalimbali kwa kuvichanganya huonekana wabovu wakati wa mazoezi, lakini baadaye hukumbuka vizuri kuliko waliorudia kimoja kimoja. Waeleze wanaokukagua mapema unachojaribu kufanya.

Takwimu zisome mwaka wa kwanza, usizisukume mbele. Daftari la maswali nalo lianze mwaka huo huo: kila ukiona jambo uwanjani usilolielewa, liandike, maana tasnifu nzuri hutoka humo. Swali liwe dogo. "Kwa nini wasichana wa darasa hili hukaa pembeni mpira unapoanza" linatosha kabisa. Ukishalipata, anza mara moja kuomba vibali vya chuo, vya shule na vya wazazi, kwa sababu utafiti unaohusu watoto hauanzi bila hivyo, na mara nyingi barua hukaa wiki nyingi bila kujibiwa.