Kadi ya benki nilimwachia mjomba

Alhamisi iliyopita niliweka kidole gumba kwenye kimashine cha wakala wa simu hapa Mtwara mjini, laini yangu ikafufuka. Mchana benki wakanitumia namba ya siri. Kabla ya alasiri nilikuwa nimeiona kwa macho yangu hela ya korosho ya msimu mzima, ile niliyokuwa naisikia tu nikiwa masomoni Leipzig, Ujerumani. Nililia mbele ya foleni, na wala sioni haya kusema.

Usiku huohuo binti mmoja wa Newala akaniandikia: "Shikamoo dada. Nimepata chuo Ujerumani, naomba unielekeze mambo ya makaratasi na benki." Marahaba mdogo wangu. Nakujibu hapa kwa sababu najua mko wengi. Anayesoma hapa begi lake keshalifunga moyoni siku nyingi.

Makaratasi yanachosha lakini yana mwisho. Cheti changu cha kuzaliwa cha RITA kilisema Hadija, vyeti vya shule vikasema Khadija. Herufi moja hiyo ilinila miezi: kiapo kwa wakili, kitambulisho cha taifa kule NIDA, ndipo Uhamiaji wakapokea maombi ya pasipoti. Halafu Mei 2024, miadi ya ubalozini Dar es Salaam imekaribia, mvua za Kimbunga Hidaya zikaikata barabara pale Somanga. Nilipanda ndege kwa hela ya kukopa. Linganisha majina yako leo, usingoje barua ya chuo.

Kuhusu hela: Ujerumani inamtaka mwanafunzi aweke matumizi ya mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungwa, anakatiwa kidogo kila mwezi. Wakati wangu zilikuwa euro 11,208, na kuanzia Septemba 2024 zimepanda hadi 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Kwetu ilikuwa zaidi ya shilingi milioni 30. Kiwanja cha marehemu baba kilikwenda, na mchango wa ukoo juu yake. Na hizo za kila mwezi huzipati mpaka ufungue akaunti ya kawaida kulekule. Benki niliyoiendea ilitaka karatasi ya usajili wa makazi. Usajili wenyewe unatakiwa ndani ya wiki 2 tangu uhamie, ukiwa na barua ya mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nalala kwa rafiki, mwenye nyumba wake hataki kuandika chochote. Mwezi ule niuache hapohapo. Wewe beba hela ya kukufikisha angalau wiki 6.

Sasa mjomba.

Shamba la baba liko Tandahimba, na malipo ya korosho siku hizi hupitia benki, kwenye akaunti ya mkulima. Akaunti ni yangu. Siku ya kuondoka nilimpa mjomba kadi, namba ya siri na laini ya simu, vyote vitatu, stendi, watu wanapakia mizigo. Sikuandika hata mstari. Kwetu mjomba ni mjomba, utamwandikishaje?

Oktoba 2024 minada ikafunguliwa, bei ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo. Bei ya kushangilia! Mimi niko Leipzig nahesabu senti za tramu, ujumbe wa benki unaingia kwenye simu iliyo mfukoni mwa mjomba. Desemba shule zilipofungwa, akawacheza unyago wajukuu zake watatu kwa mpigo. Niliziona picha. Ngoma ilikesha, sare zilishonwa, na mimi nilitajwa kwenye shukrani kama mfadhili. Nilipopiga simu alisema, "Mpwa wangu, hela si imebaki nyumbani?" Mpaka leo sijui nimjibu nini, na salamu zetu bado ni za mdomoni.

Hakuishia hapo. Simu ikatumbukia majini, laini ikakaa bila kutumika, kampuni ikaifunga. Msimu uliofuata hela iliingia na hakuna aliyeweza kuigusa, maana kila namba ya uthibitisho ya benki ilikwenda kwenye laini iliyokufa. Kuirudisha kunataka alama za vidole za mwenyewe, na vidole vyangu viko Ujerumani. Nilipanda treni hadi ubalozi wetu Berlin, nikasaini hati ya uwakilishi kwa jina la mama, nikaituma nakala halisi. Benki ilimruhusu mama kuuliza salio na kulipia palizi, basi. Mengine yalingoja nauli yangu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, laini ondoka nayo. Iweke vocha, itumie hata kwa kumsalimia mama, usiiache ilale. Kabla ya kusafiri ingia benki mwenyewe, waulize namba gani ya simu wanayo na kadi inaisha lini. Ukitaka mtu akusimamie, nenda naye kwa wakili, hati itaje akaunti ipi, afanye nini na asifanye nini. Atakayenuna na anune. Watoto wa kusini tunaogopa sana kuonekana tumejitenga, tunagawa namba za siri kama ubani wa harusi, kisha tunalia ughaibuni peke yetu. Laini, tafadhali. Laini.

Binti amenijibu leo asubuhi, ameshukuru vizuri sana. Halafu akauliza: kwani kadi akimwachia shangazi?