Seva ya IRC ikipigwa mafuriko, usianze na fayawoli

Usiku wa kwanza seva yangu ya IRC, mfumo wa kuchati kwa maandishi kwenye intaneti, iliposhambuliwa, nilitumia saa mbili kuandika sheria za fayawoli, kichujio cha seva. Kila anwani niliyoizuia, zilikuja nyingine mia. Kwenye chaneli watu walikatika mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nafunga mlango wa nyumba wakati barabara nzima imeziba: pakiti, yaani vipande vya data, zilishajaza laini kabla hazijanifikia, na kuzitupa zikishafika hakurudishi nafasi.

Kwa hiyo kwanza jua ni mafuriko gani, yaani unapigwa kwa wingi wa pakiti za aina gani. Ingia kwenye seva, andika `ss -n state syn-recv`. Ukiona maelfu ya mistari, hayo ni ya SYN, pakiti ya kuomba kuunganishwa. Mtu anabisha hodi, seva inaitikia karibu na kumwekea kiti, halafu haingii mtu. Linux, mfumo unaoendesha seva, huendelea kumngoja kwa dakika moja hivi, na viti huisha. Ndivyo Panix, kampuni ya intaneti ya New York, ilivyolazwa Septemba 1996. Dawa yake ilipatikana mwaka huohuo: SYN cookies za Daniel J. Bernstein. Seva haiweki kiti. Inampa mgeni namba maalumu, na akirudi nayo ndipo anapokelewa. Hakikisha mpangilio wa `net.ipv4.tcp_syncookies` ni 1. Hili unalimaliza mwenyewe.

Yale ya kujaza laini ni mengine kabisa. Mshambuliaji anaghushi anwani yako, anatuma maswali madogo kwa seva za DNS (zinazogeuza majina kuwa anwani) au NTP (zinazotoa saa) zilizoachwa wazi, na majibu makubwa yanakuangukia wewe. Hapo anayeweza kukusaidia ni aliye juu yako tu, yaani mtoa huduma wako. Muulize leo, si usiku wa tukio: anaweza kuchuja UDP, aina ya pakiti zinazobeba majibu hayo, inayokuja kwenye anwani yako? IRC inatumia aina nyingine, TCP, kwa kawaida kwenye milango (port) 6667 na 6697, kwa hiyo ukibakiza majibu ya DNS unayoyahitaji, IRC haipotezi kitu. Wangu wa wakati ule aliizima anwani yangu yote bila hata kunipigia simu. Mshambuliaji alipata alichokitaka, nami nilihama.

Halafu panga mtandao wenu vizuri. Seva kuu inayounganisha nyingine isiwe na watumiaji, na anwani yake isijulikane nje. Wageni waingilie seva za pembeni, kila moja kwa mtoa huduma tofauti. Ficha pia anwani za watumiaji. Ugomvi mwingi huanzia kwenye chaneli, mtu akitaka kumtoa mwenye chaneli ili aichukue, na nimeona kijana wa watu akikatiwa intaneti ya nyumbani kwa sababu anwani yake ilikuwa wazi. Hilo bado linaniuma.

Muda wa rekodi zenu za DNS (TTL), yaani muda ambao wengine wanaikumbuka anwani kabla ya kuuliza tena, uwe mfupi. Sisi tunatumia sekunde 300. Walipotupiga mara ya pili, niliiondoa seva iliyolengwa kwenye DNS, nikapiga simu ya zamu, na kabla ya robo saa watu walikuwa wamerudi kwenye chaneli kupitia seva nyingine, wakiendelea na mazungumzo yao.