Kwa mnaoanza kuchora ramani za malaria

Wadogo zangu, juzi mmenionyesha ramani ya wilaya nzima ambayo madoa mekundu yote yamerundikana juu ya zahanati. Nimeshindwa kulala. Kazi yenu ni nzuri na rangi mmezipanga vizuri kuliko mimi wakati wangu, lakini tunarudia makosa yaleyale kila mwaka, na wanaoyalipia ni watu wa vijijini.

1. Mgonjwa haishi zahanati. Rejista ya MTUHA, yaani ya taarifa za huduma za afya, ina mahali pa kuandika makazi, jazeni mpaka kitongoji. Tena muulize amekuwa akilala wapi wiki mbili tatu zilizopita, maana Kilombero wakati wa kilimo familia nzima huhamia vibanda vya shambani, na mbu aliyemuuma yuko kwenye mpunga, si mjini alikoandikishwa.

2. Msisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, maana tuko kusini mwa ikweta. Bila hiyo, zahanati za Ifakara zinatokea Ethiopia, si mbali na Jimma. Hilo angalau linaonekana haraka, tunacheka, tunarekebisha.

3. Datamu, yaani msingi ambao namba za mahali kwenye ramani hupimwa kutoka kwake. Kuchanganya datamu mbili ni kosa lisiloonekana, na ndilo linaloniuma hadi leo.

Nilikuwa na karatasi ya zamani ya ramani, ya kipimo cha 1:50,000. Nikaiskani, nikafuatisha ukingo wa bonde lenye mazalia ya mbu. Nyumba tulikuwa tumezipima kwa GPS, ambayo datamu yake ni WGS84. Karatasi ilikuwa ya Arc 1960, datamu ya zamani ya Afrika Mashariki, imeandikwa chini pembeni kwa herufi ndogo. Kwa kuwa zote zilitumia gridi ya mita ya UTM, kanda ya 37 Kusini, na namba zilikaribiana, nikaiambia programu kwamba karatasi nayo ni ya WGS84. Programu haikulalamika. Bonde langu likahamia kaskazini kwa karibu mita 300. Kwenye karatasi ile ni milimita 6 tu. Kwa mbu ni matembezi ya usiku mmoja.

Nikakata bafa, yaani ukanda wa kulizunguka bonde, ya mita 300, na orodha ya sehemu za kuweka dawa ya viluwiluwi ikatoka humo. Kitongoji cha kusini kikabaki nje. Kwenye mkutano wa kijiji mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni, akaweka kidole kwenye ramani. "Hapa ndipo kwangu?" Nikamwambia ndiyo. "Sasa haya maji yanayoingia jikoni kwangu kila masika yanatoka wapi?" Nikamjibu kwamba vipimo vyetu ni vya setilaiti. Nilimjibu hivyo mbele ya majirani zake, naye akakaa.

Masika yote timu ikaweka dawa kaskazini. Niliporudi kuhakiki, nilipita nyuma ya jiko lile. Palikuwa na matete na maji yametuama hatua chache kutoka kwenye mafiga. Nikachota mara moja tu: viluwiluwi wamelala sambamba na uso wa maji, kama Anopheles wanavyolala. Mtoto aliyekuwa mgongoni siku ile alikuwa amelazwa mara mbili kwa malaria. Nilimwomba mama yule radhi, nikamweleza kosa lilikuwa langu. Akanivutia kigoda, akauliza kama dawa imebaki.

Kwa hiyo kabla ya kukata bafa yoyote, pimeni upya daraja, njia panda na kona ya shule, mwone kama vinaangukia pale vilipo kwenye leya zenu zote, yaani matabaka ya ramani. Na mtu wa pale akisema ramani imekosea, fungeni kompyuta, mwende naye akawaonyeshe.

4. Nukta za Utafiti wa Demografia na Afya zimesogezwa makusudi ili kulinda siri za kaya: mjini hadi kilomita 2, vijijini hadi 5, na chache za vijijini hadi 10. Msizipimie umbali wa kutoka kwenye kijito.

5. Mvua ya CHIRPS, yaani makadirio ya mvua yanayotumia setilaiti na vituo vya mvua, ni ya miraba ya kama kilomita 5, haiwezi kutofautisha nyumba na nyumba. Na msiilinganishe na wagonjwa wa mwezi huohuo: maji yatuame, mbu wakue, vimelea vikomae ndani ya mbu, kisha ndani ya mtu. Jaribuni mwezi mmoja, miwili, hata mitatu nyuma.

Jumatatu nileteeni ramani ile tena, na pembeni mmeandika kwa mkono datamu ya kila leya. Karatasi ya Arc 1960 ninayo droo ya pili. Tutaanza na hiyo.