Maswali na majibu: Nani atanikagulia ukurasa wangu?

*Nimetengeneza ukurasa wa kuuza viatu vya mtumba vya Gikomba. Nikiuliza kwenye kundi letu la WhatsApp "mwaonaje?", naambiwa tu "safi sana". – Kijana, Kayole*

Ukiuliza hivyo utajibiwa kwa adabu, basi. Uliza jambo moja: "Upana ukiwa pikseli 360 menyu inafunika picha ya kwanza; nimekosea wapi kwenye CSS?" (CSS ni msimbo wa mpangilio na rangi za ukurasa.) Na usitume picha ya skrini, picha haibonyezeki. Weka kazi kwenye GitHub Pages, huduma ya kuweka kurasa mtandaoni, ni bure msimbo ukiwa wazi kwa wote, kisha tuma viungo viwili: cha ukurasa na cha msimbo. Unayemwomba yuko kwenye matatu, simu mkononi. Faili la zip hatalifungua.

*Nimekosolewa kwamba kitufe changu cha "Agiza" ni div. Lakini kinafanya kazi! – Roysambu*

Kinafanya kazi kwa mwenye kipanya, lakini div ni kisanduku kitupu tu, kivinjari hakijui kwamba ni kitufe. Weka kipanya kando, bonyeza Tab mara kadhaa, uangalie ule mzingo wa rangi unaoonyesha ulipofika: utakiruka kitufe chako kana kwamba hakipo. Asiyeona, anayesomewa ukurasa na programu, atasikia neno "Agiza" bila kuambiwa kwamba linabonyezwa. Tumia tagi ya button, yaani alama ya HTML ya kitufe halisi, na Tab, Enter na Space zitafanya kazi bila wewe kuandika hata mstari mmoja wa JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa vitendo. Tahadhari moja: ndani ya fomu, button hutuma fomu yenyewe usipoandika type="button". Hapo wengi hudhani wameharibu kila kitu. Aliyekukosoa alisema kweli, ingawa angekuonyesha hiyo Tab mngemaliza ubishi kwa dakika moja.

*Kwenye laptopu ukurasa uko sawa, kwenye simu maandishi hayasomeki. – Kawangware*

Huenda umesahau tagi ya meta viewport yenye width=device-width, inayoiambia simu itumie upana wake halisi. Bila hiyo simu huchora ukurasa mpana, kwa kawaida pikseli 980, kisha huusinyaza.

*Naona haya kuonyesha kazi mbovu. Nianzie wapi? – Mama anayejifunza usiku, Umoja*

Anzia kwa mashine, dada, hazisengenyi. Kikaguzi cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, kitakuonyesha tagi ambazo hukuzifunga. Lighthouse, programu ya kupima kurasa iliyomo ndani ya Chrome, itakupa alama hadi 100, ila usilewe alama: haijui kama bei ulizoandika ni za kweli. Kisha mpe jirani simu, mwambie "nunua kiatu namba 40", nawe unyamaze. Kidole chake kikisita mahali, hapo ndipo pa kurekebisha. Ukianza kumwelekeza umeharibu jaribio.

*Mmoja ameniambia nitumie flexbox, mwingine grid. Nimsikilize nani? – South B*

Hizo ni njia mbili za CSS za kupanga vitu kwenye ukurasa. Uliza kila mmoja alikuwa akitazama sehemu gani. Menyu iliyo kwenye mstari mmoja, flexbox. Viatu vilivyopangwa kwa safu na nguzo, grid. Zote mbili zinakaa kwenye ukurasa mmoja bila kugombana.