Uliza Fundi: Gobori la jadi ni lipi?

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Kijana wangu anaishi Idaho, Marekani. Wenzake wa kazini wamemwalika kuwinda kulungu msimu wa magobori. Akaenda dukani, akanunua jipya: mtutu wa chuma kisichoshika kutu, kitako cha plastiki, na darubini juu. Walipoliona wakacheka, wakamwambia hilo si la jadi, aliache nyumbani. Yeye anashikilia kwamba bunduki ikishindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu ni gobori, basi. Nani ana haki? Na jingine: darini kwetu kuna gobori la marehemu babu. Naweza kulijaribu? (Mzee wa Arua)

JIBU: Waaleikum salaam, mzee mwenzangu. Kwa jina, kijana ana haki. Kwa sheria, wenzake wana haki, na huko porini askari wa wanyama atamuuliza habari za sheria.

Nianze na sababu, maana bila sababu orodha ya makatazo huonekana ya kichaa. Majimbo mengi ya Marekani yaliwapa watu wa magobori siku zao, mbali na msimu wa bunduki za kawaida, kwa kuwa silaha yao ni dhaifu. Una risasi moja. Ukifyatua, moshi unakuziba macho. Kupakia tena ni nusu dakika kwa mwenye mkono mwepesi, na kulungu haningojei mimi wala wewe. Sasa mtu apewe siku za ziada kwa sababu ya udhaifu, kisha aje na kitu kilichotibiwa udhaifu huo! Ugomvi ulipamba moto baada ya 1985, pale Tony Knight, fundi wa bunduki wa Missouri, alipotengeneza gobori aliloliita MK-85. Fataki, kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na kuwasha baruti, aliiweka nyuma ya baruti, mstari mmoja na mtutu, badala ya kuikalisha ubavuni. Bunduki ikawa na umbo la bunduki ya kisasa, rahisi kusafisha, na ikakubali darubini vizuri. Nadhani kijana wako amenunua mjukuu wake.

Idaho katika msimu huo wanataka fataki ionekane kwa nje bunduki ikiwa tayari kupigwa. Iwashwe kwa jiwe la gumegume au kwa fataki ndogo. Viwashio vya risasi za shotigani hapana. Baruti iwe ya kumimina, si vidonge vilivyogandishwa. Risasi isivalishwe kikombe cha plastiki. Na darubini ivuliwe. Kitako cha plastiki hakina kesi, kinaudhi macho tu. Kila jimbo lina kitabu chake, kwa hiyo asome cha Idaho cha mwaka huu kabla ya kutoa hela tena.

Ila neno “jadi” hapo linateleza, na mimi hupenda kulitazama likiteleza. William Malcolm wa New York alianza kutengeneza darubini za bunduki mwaka 1855, Wamarekani bado wanapigana kwa magobori. Darubini basi ni ya kizee, na imekatazwa. Pyrodex, ile baruti ya badala, ni ya 1976, nami wakati huo nilishavaa sare, na imeruhusiwa mradi imiminwe. Waliotunga sheria hawakuhesabu umri wa kifaa. Walipima kinakupunguzia kazi kiasi gani.

Pennsylvania ndio wakali kweli. Wana msimu baada ya Krismasi ambao hata fataki ni ya kisasa mno. Huko ni gumegume peke yake, jiwe kwa chuma. Fataki yenyewe ilizaliwa na hasira ya mwindaji. Mchungaji mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, alichoshwa na ndege walioona mmweko wa baruti kwenye kifa, pale ubavuni pa mtutu moto unapoingilia, wakaruka kabla risasi haijawafikia. Akabuni njia ya kuwasha kwa kugonga, akapata hataza 1807. Pennsylvania, miaka yote hiyo baadaye, bado wamesimama upande wa ndege.

Mwambie kijana maneno haya yote tunayo tangu zamani. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilifika Buganda enzi za Kabaka Suuna, kwenye 1844, ikabadilisha bunduki na nguo kwa pembe za ndovu. Gumegume, fataki, mdeki (ufito wa kushindilia), kifa: muuza duka wake hana hata neno moja.

Ushauri wangu: atafute gobori la fataki lenye nyundo ubavuni, hata lililotumika. Goroli yake, ile risasi ya duara, aifunge kwa kitambaa cha pamba, kile bibi zetu walichokiita marekani (kumbe kinarudi kwao), kilichopakwa mafuta ya mnyama na nta. Wengine hukilamba tu. Mafuta ya mashine asitie. Yakikutana na moshi wa baruti hugeuka lami. Jioni asafishe kwa maji ya moto na sabuni, siku ileile. Mzee wa Kinubi aliyenifunza kazi Bombo hakuniruhusu kula kabla mtutu haujakauka, na mikono ilininuka mayai viza hata mbele ya sahani.

La mwisho kwake ni alama kwenye mdeki. Nilipokuwa mwanafunzi nilishindilia goroli ikakwama katikati, pakabaki nafasi kati yake na baruti. Mimi nikaona imetosha. Mtutu ulivimba kama nyoka aliyemeza chura. Nilipona kwa bahati, bunduki haikupona. Siku hizi mdeki wangu una mstari wa kisu: ukizama hadi mstarini, goroli imekaa juu ya baruti.

Gobori la babu usilijaribu. Magobori ya darini mara nyingi hulala na chakula tumboni, yaani baruti na risasi, na baruti ya zamani ikikaa kavu haisahau kazi. Usiguse nyundo. Liache palepale mdomo ukielekea ukutani, mbali na jiko, uende kituo cha polisi useme unalo, waje na fundi wao. Bunduki bila kibali ni kosa hata ikiwa ya urithi, na kuwinda bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya Uganda ya 2019. Fundi akija, mwombe atumbukize ufito wa mti mtutuni, aupime na urefu wa nje. Ukiishia kabla ya kifa kwa upana wa vidole viwili vitatu, lina chakula. Watoe watoto nyumbani siku hiyo.