Jibu: Hondohondo jike haonekani tena, je, tuzibue pango?

Msizibue, tafadhali. Umesema dume huja peke yake kwenye mti mkubwa kando ya shamba lenu huko Amani, Usambara, na mdomo wa pango la mti huo umezibwa kwa udongo. Ndege hawa, hondohondo mashavu-fedha, ndivyo wanavyozaa. Jike yumo ndani, mzima. Dume humeza udongo, anautema ukiwa vidonge vyenye mate, na jike anaupaka kwa ndani mpaka unabaki ufa mwembamba wa wima wa kupokelea chakula.

Huatamia takribani siku 40, kisha kinda hukaa karibu siku 80. Kwa hiyo hesabuni miezi 4 hivi. Mayai ni 1 au 2, lakini kwa kawaida anayeruka ni kinda 1 tu. Mkivunja ukuta, nyoka na nyani wanapata mlango.

Kuhakikisha yuko hai, angalieni chini ya shina: kinyesi kipya na mbegu za matunda, hasa ya mikuyu. Simameni mbali, dume akiona watu karibu hukaa mti wa pili bila kulisha.

Hatari kubwa ni shoka. Hondohondo hawezi kuchonga pango, anategemea miti mizee yenye uwazi, ile ile inayoitwa "mibovu" na kukatwa kwanza.

Miche ya Maesopsis eminii ikiota hapo chini, ing'oeni. Mti huo wa kigeni husambazwa sana Usambara na ndege hawa hawa.