Neno lililobaki kinywani: barua kwa mwanangu wakili

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako niliusoma jana baada ya magharibi, nikaurudia leo alfajiri mama yako akiwa bado amelala. Unasema kesi ya fidia ya fundi cherehani wako, aliyeumia mguu akiwa abiria wa bodaboda, inasikizwa wiki ijayo, na swali lako ni moja: umwite daktari kwanza aueleze ule mguu, au umpandishe fundi kizimbani aanze yeye mwenyewe? Unaniuliza mimi kwa sababu nimekaa kortini miaka thelathini na moja.

Nimekaa, ni kweli. Lakini nilikaa meza ya karani, chini ya hakimu, nikifasiri. Ukikaa pale, kinachokuwa usoni mwako kutwa nzima ni kalamu. Shahidi anasema kwa Kiswahili au Kigiriama, karani anageuza, hakimu anaandika kwa Kiingereza. Karatasi ile ndiyo inayokwenda kwenye hukumu, na mtu akikata rufani ndiyo inayokwenda kwa jaji. Wewe umesoma kesi ya Selle ya mwaka 1968, unajua: jaji wa rufani anaupima ushahidi upya, lakini mashahidi hakuwaona wala hakuwasikia. Ana karatasi tu. Kilichoandikwa ndicho kilichosemwa. Nilikuwa nikikwambia haya ungali mdogo, ukinisubiri kwenye benchi la nje na mkoba wako wa shule mapajani.

Kwa hiyo kabla ya daktari na fundi, nataka nikuandikie habari ya mama wa mbaazi. Najua kisa hiki mama yako hukikatiza kila nikikianza. Leo hayupo wa kunikatiza.

Unamkumbuka. Alikuwa akikaanga mahamri pale steji, chini ya mkungu, nawe hukubali kwenda shule bila mawili na mbaazi zake kwenye karatasi. Mwaka 2001 matatu iliyokuwa ikilipita lori ilitoka barabarani ikamfuata pale pale alipokaa. Mguu wa kushoto ulivunjika mara mbili, mafuta ya karai yakamwagikia mkono. Kesi ilipofika kwetu alikuja na mikongojo, na ndani ya kikapu, amelifunga kwa leso, alileta lile karai. Lilikuwa limebonyea upande mmoja kama ganda la yai. Wakili wake akamwambia aliache nje. Nililiona mimi, akaliona askari wa mlangoni. Hakimu hakuliona.

Alieleza vizuri. Kisha akasimama wakili wa bima, mtu mpole, hana kelele. Akamuuliza kupitia kwangu: "Kabla ya kugongwa, gari uliiona au hukuiona? Jibu ndiyo au la." Mama yule akanitazama mimi, si yeye. Akasema: "Niliiona ishanifika."

Nami nikamgeukia hakimu nikasema kwa Kiingereza kwamba aliiona.

Hilo tu. "Ishanifika" ilibaki kinywani mwangu. Niliiona kalamu ikienda, ikaweka nukta, na swali la pili likawa limeshaulizwa. Wakili wake, aliyezaliwa mitaa miwili kutoka kwetu na Kiswahili amenyonya ziwani, alikuwa ameinama anatafuta risiti kwenye faili. Wakati wa kumhoji upya ulipofika aliinuka nusu, akasema hana swali, akaketi.

Tulipotoka alinisubiri kwenye veranda. Akaniuliza, "Karani, nimejibu vyema?" Nikamwambia amejibu vyema.

Hukumu ilikuja baada ya miezi minne. Fidia ya maumivu iliwekwa shilingi 240,000, kisha ikakatwa asilimia 40, kwa kuwa mdai mwenyewe alikiri kuiona gari na asiondoke njiani. Zilizokatwa ni shilingi 96,000. Hesabu hiyo naifanya mpaka leo, usiku nikikosa usingizi. Na fedha alizompa yule mzee aliyemfunga mguu kwa vijiti kabla ya hospitali hakupata hata senti, kwa sababu hasara ya fedha lazima idaiwe waziwazi, kila kitu kwa jina lake, na ithibitishwe sawasawa, na mzee wa vijiti hatoi risiti. Hilo la risiti sina ubishi nalo, ndiyo sheria. Lile jingine ndilo lisiloniacha.

Kuna siku najiambia: si kosa langu. Swali lilitaka ndiyo au la, na mtu akikuwekea milango miwili hukuruhusu kutokea dirishani. Halafu najijibu kwamba kazi yangu ilikuwa kupeleka alichosema shahidi, si kukitoshea kwenye swali. Siku nyingine najiambia kwamba hakimu angemkata asilimia ile ile hata ningefasiri kila herufi, maana mama yule alikaa hatua mbili tu kutoka kwenye lami. Labda. Lakini hatua mbili kutoka kwenye lami si juu ya lami, na karai lililobonyea lingeonyesha lilipokuwa. Basi narudi pale pale. Kumwona mtu akija na kumwona ameshafika ni mambo mawili, Zuhura. La kwanza lina nafasi ya kukimbia ndani yake. Kiswahili kilimpa mama yule neno moja la kuyatenga, akalisema, na halikuandikwa.

Sasa usidhani mambo yamebadilika kwa kuwa siku hizi mna kompyuta. Yamehamia mezani kwako. Hapa Kenya, tangu kanuni za mwenendo wa madai za mwaka 2010, taarifa ya shahidi inawekwa pamoja na hati ya madai, na siku ya kusikizwa shahidi anaulizwa tu kama anaikubali iwe ushahidi wake. Nani aliyeandika taarifa ya fundi wako? Wewe, au kijana wa ofisini kwako, kwa Kiingereza, akaitia sahihi mtu asiyesoma Kiingereza. Wakili wa bima ataishika ile karatasi, amsomee mstari mmoja, amuulize mbona leo anasema vingine. Kalamu ya kwanza sasa ni yako. Mketishe, msomee kwa Kiswahili polepole, kila mstari, na atakapokunja uso simama hapo umuulize. Kama ni mahakama ya hakimu, sheria ya mwenendo wa madai inaruhusu Kiswahili na Kiingereza. Ni Mahakama Kuu na ya Rufani zilizofungwa kwenye Kiingereza. Wenzetu Tanzania walikifanya Kiswahili lugha ya mahakama kwa sheria mwaka 2021. Niliposikia habari ile redioni nilitoka nje nikaenda kukaa chini ya mwembe. Mama yako alidhani nimeugua.

Na ukiwa kortini, mteja wako anapojibu, usitazame faili. Tazama kalamu, au vidole vya anayechapa. Mkono ukisimama kabla ya jibu kuisha, inuka, kwa adabu, umwombe Mheshimiwa jibu lirekodiwe lote. Atakasirika kidogo. Mwache akasirike. Jibu lililokatika utalirudia ukimhoji upya, kwa swali fupi lisilomtia maneno mdomoni: "Ulipoiona, ilikuwa wapi?" Swali hilo moja lingetosha, mwanangu. Kilichoandikwa ndicho kilichosemwa.

Juu ya fundi wako, umeniandikia kwamba daktari amempa ulemavu wa kudumu wa asilimia 15 kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Nilikisoma kipande hicho nikainuka nikaenda kwenye cherehani ya mama yako, nikakaa, nikaikanyaga. Jaribu nawe. Goti halifanyi kitu; kazi yote ni kifundo, juu na chini, juu na chini. Kwa mwalimu au karani kama mimi, 15 ni 15. Kwa mtu yule ni riziki nzima. Wakili wa bima atamuuliza mbona hanunui cherehani ya umeme, na swali hilo si la kipuuzi, mwenye hasara anatakiwa kujitahidi kuipunguza. Basi muulize wewe kabla: inauzwa bei gani, na kibandani kwake kuna stima?

Watakuletea koridoni asubuhi hiyo hiyo themanini kwa ishirini, yaani bima ibebe asilimia themanini ya lawama na fundi ishirini, watasema hakuvaa helmeti. Alikuwa abiria wa nyuma kwenye bodaboda, na helmeti hailindi kifundo. Lakini kukubali au kukataa, hilo ni lako na yeye. Themanini mkononi mwaka huu si sawa na mia moja baada ya rufani, na mwenye njaa ni yeye. Nimewaona waliokataa wakafa wakisubiri. Nimewaona pia waliokubali wakajuta kabla hawajafika steji.

Daktari au fundi? Jibu ninalo, na ulimi unaniwasha kweli kweli. Ukiangalia niliyoandika hapo juu utadhani nimeshalitoa. Lakini hakimu wako simjui, sijui kama husikiliza zaidi asubuhi au baada ya chai, sijui daktari wako huongea na watu au huongea na karatasi yake. Fundi simjui sauti. Nikikuandikia jina moja utasimama pale ukiwa na neno langu badala ya macho yako, na mimi nimeshamharibia mtu mmoja kesi yake. Kakae na fundi kibandani nusu siku. Usiandike. Mtazame anapopanda kizingiti.

Mama yako ameamka, anauliza nani namwandikia mapema hivi. Amekutilia achari ya ndimu kwenye chupa, ataipeleka Salim akija Ijumaa.

Nakala ya mwenendo wa kesi itakapotoka, nipigie. Nisomee jibu la fundi kuhusu ule mguu, kama lilivyoandikwa, kisha uniambie alivyolisema mwenyewe kwa Kiswahili.

Babako